Nishani za Jamhuri na Lango la Kikuyu

Kila inapokaribia tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, Ikulu ya Nairobi hutangaza majina ya Wakenya waliotunukiwa nishani za taifa, na majina hayo yakachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Humo mna majaji na makamanda, machifu na madaktari, wanariadha, maaskofu, mashehe na wakulima. Baada ya siku chache wanafunzi wa zamani wa shule kubwa huanza kuwatafuta wenzao ndani ya orodha, na kwa miongo mingi hakuna shule iliyovuna majina mengi kuliko Alliance ya Kikuyu, shule ya wavulana iliyofunguliwa tarehe 1 Machi 1926, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Wasifu wake huandikwa karibu kila mara kwa mpangilio ule ule: hapa palitoka mawaziri, hapa jaji mkuu, hapa gavana wa Benki Kuu, hapa makatibu wakuu wa wizara, na wote hao taifa likawavisha utepe. Msomaji huachwa ajijazie kwamba shule iliwafunza utumishi, wakatumikia, taifa likashukuru. Nadhani mpangilio huo una kasoro katikati yake. Orodha ya nishani, ikisomwa tangu miaka ya kwanza ya Jamhuri, hutueleza machache kuhusu ubora wa shule na mengi kuhusu lango: nani aliruhusiwa kupita, lini, na kuelekea kazi gani. Alliance ilitoa watumishi, hilo sibishi. Aliyeamua utumishi upi unastahili nishani alikuwa mwingine, naye alikuwa na sababu zake.

Tuanze na lango lenyewe. Misheni za Kiprotestanti zilizokuwa Kenya, zikiwemo ile ya Kanisa la Scotland, CMS ya Waanglikana, Wamethodisti na Africa Inland Mission, ziliunda umoja wao mwaka 1918 baada ya mikutano iliyofanyika Kikuyu, na shule ikarithi jina la umoja huo. Ilijengwa karibu na misheni ya Waskoti ya Thogoto. Kundi la kwanza la wanafunzi halikufika thelathini. Wakati huo elimu ya Mwafrika ilikuwa jambo la ubishi mkubwa. Walowezi walitaka vibarua. Serikali ilitaka makarani na mafundi. Misheni zilitaka walimu na wahubiri. Wazazi, kadiri walivyozidi kuona nguvu ya karatasi katika ofisi ya bwana shauri, walitaka watoto wao wasome kila kilichosomwa na Mzungu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayofungamana na kilimo, ufundi na maisha ya kijijini. Alliance ilizaliwa katika upepo huo. Chini ya mwalimu mkuu wa kwanza, G. A. Grieves, aliyeshika usukani hadi 1940, masomo ya darasani yalikwenda pamoja na mafunzo ya kazi, nayo kazi zenyewe zilikuwa zile ambazo dola ya kikoloni ilizihitaji. Kaulimbiu ya shule iliwataka vijana wawe na nguvu ili watumike. Haikusema wamtumikie nani, na ukimya huo ulikuja kuwa na historia ndefu.

Hesabu ni muhimu hapa kuliko sifa. Sensa ya 1948 iliikuta Kenya na watu zaidi ya milioni 5. Kwa idadi hiyo, shule ambazo kijana wa Kiafrika angeweza kumaliza masomo ya sekondari kabla ya Vita vya Pili zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wakatoliki walikuwa na yao iliyoanzia Kabaa, Ukambani, ikahamia Mang'u. CMS walikuwa na Maseno, iliyoasisiwa 1906 upande wa Nyanza. Na Alliance ilichukua vijana makumi machache kila mwaka kutoka pembe zote za koloni. Kutoka Kilifi alikuja Ronald Ngala. Kutoka Nyanza, baada ya Maseno, alikuja Oginga Odinga. Kutoka Kiambu walikuja Mbiyu Koinange, Eliud Mathu na James Gichuru. Waliokutana bwenini walikuwa wageni kwa wageni, wenye lugha mbalimbali za mama. Ndiyo maana wanahistoria wameitazama Alliance kama mahali ambapo tabaka la viongozi wa Kenya lilifahamiana kabla halijajijua kuwa tabaka. Mwanahistoria Benjamin Kipkorir, ambaye mwenyewe alipita hapo, aliifanya shule hiyo na chimbuko la tabaka hilo kuwa mada ya tasnifu yake ya udaktari huko Cambridge mwaka 1969. Alitambua mapema kwamba hapa palikuwa na jambo la kuchunguzwa, wala si la kusherehekewa tu.

Matunda ya ufinyu huo yalionekana upesi. Mwaka 1944 serikali ilipomteua Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, uteuzi ulimwangukia Mathu, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo kabisa wa Alliance, aliyerudi kufundisha hapo hapo na kupata masomo zaidi Oxford. Chama kilichoundwa ili kumpa Mathu nguvu nje ya Baraza, ambacho baadaye kilijulikana kama KAU (Kenya African Union), kilipata kuongozwa na Gichuru, naye ni mwanafunzi na mwalimu wa Alliance, hadi alipompisha Jomo Kenyatta mwaka 1947. Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza Machi 1957, wanane waliochaguliwa walikuwa na Odinga na Ngala kati yao. Baraza la mawaziri la Juni 1963 lilikuwa na Odinga katika Mambo ya Ndani, Gichuru katika Fedha, Koinange waziri wa nchi, Julius Kiano katika Biashara na Joseph Otiende katika Elimu, wote wa Alliance, na hawakuwa peke yao. Wengine walitoka kwingine: Tom Mboya Mang'u, Achieng' Oneko Maseno, Joseph Murumbi shule za India, na Kenyatta mwenyewe darasa la misheni ya Thogoto, jirani kabisa na uwanja ambao Alliance ingejengwa baada yake.

Hata hivyo mtu asiye na haraka atauliza: je, lango jembamba linatosha kueleza haya? Wako waliopita katika shule adimu za makoloni mengine wakatoka wavivu na walafi. Pingamizi hili lina uzito, na jina linaloletwa nalo huwa ni la Edward Carey Francis. Mwingereza huyu aliacha kufundisha hisabati Cambridge akaja Maseno mwaka 1928, akahamishiwa Alliance 1940 na kuiongoza hadi 1962. Alikuwa mkali, mchaji Mungu, asiyeoa, mwenye saa na ratiba. Alitaka hesabu iwe sahihi na kitanda kitandikwe sawasawa kwa sababu ile ile. Vijana walilima, wakafagia, wakacheza mpira, wakasali, wakaamshwa mapema. Alipinga waziwazi Mau Mau, vuguvugu la silaha dhidi ya utawala wa kikoloni, lakini pia aliukemea ukatili wa askari wa serikali kwa wananchi wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, jambo ambalo Wazungu wengi wa Kenya walilinyamazia. Alipostaafu hakurudi Uingereza kulea maua. Alikwenda kufundisha Pumwani, katika shule ya watoto wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, na ndiyo kazi aliyokuwa nayo alipofariki mwaka 1966. Mtu wa namna hiyo huacha alama kwa vijana, na ingekuwa ukaidi kudai kwamba watu kama Jeremiah Nyagah, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa waziri kwa zaidi ya miaka ishirini na mlezi wa Maskauti, hawakuchota chochote katika malezi hayo.

Nakubali, basi, kwamba shule ilifunza. Lakini kukubali hivyo hakuzifanyi nishani kuwa ushahidi wa mafunzo hayo, na hapa inabidi tuangalie nishani zenyewe zinavyotolewa. Za juu kabisa Kenya ni mbili: Moyo wa Dhahabu na Mkuki Uwakao. Kila moja ina ngazi tatu, Chifu, Mzee na Morani, na herufi zake hufuata jina la mtu popote liandikwapo, kuanzia barua za ofisi hadi tangazo la kifo gazetini. Chini yake zipo OGW, HSC na nyinginezo. Kwa desturi iliyokomaa miaka mingi, waziri hupata EGH, yaani Mzee wa Moyo wa Dhahabu, katibu mkuu wa wizara hupata CBS, yaani Chifu wa Mkuki Uwakao, na nyadhifa nyingine kubwa za mahakama, jeshi na utumishi wa umma zina ngazi zake zinazojulikana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nishani za juu hufuata kiti. Mtu huteuliwa kwanza, kisha hutunukiwa, mara nyingine kabla kazi yake haijapata muda wa kupimwa. Ukijua nani aliketi katika viti vya juu mwaka 1964, 1970 au 1978, umeshajua karibu kila kitu utakachokisoma katika safu za mwanzo za orodha. Na viti hivyo vilijazwa na akina nani? Vilijazwa na wachache waliokuwa na cheti mkononi siku Waingereza walipoanza kufunga mizigo.

Miaka ya kupeana madaraka ilikwenda mbio ajabu. Katika muda usiozidi miaka mitano hivi wizara zilibadilisha wakuu wake, na waliotafutwa ni Waafrika waliomaliza sekondari, wakaenda Makerere au ng'ambo, wakarudi. Kenneth Matiba wa Alliance aliingia kundi la makatibu wakuu wa kwanza Waafrika akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Duncan Ndegwa, wa Alliance, Makerere na St Andrews, alikuwa mkuu wa utumishi wa umma wa kwanza katika Kenya huru, na kuanzia 1967 akawa Mkenya wa kwanza kuongoza Benki Kuu, kiti alichokikalia hadi 1982. Charles Rubia, naye wa Alliance, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi mwaka 1962. Hawa walikuwa watu wenye uwezo, na sidhani yupo anayesema vinginevyo. Ila kwa kila mmoja wao palikuwa na maelfu ya rika lake ambao uwezo wao haukupata kupimwa, kwa kuwa mtihani wa kuingia sekondari uliwakuta kijiji hakina darasa la mwisho la msingi, au baba hana karo, au mtoto mwenyewe ni msichana.

Kuhusu wasichana orodha inasema wazi kuliko inavyokusudia. Miaka ishirini na miwili ilipita tangu Alliance ifunguliwe ndipo shule dada, iliyoitwa kwanza African Girls' High School, ikafunguliwa Kikuyu mwaka 1948 na wanafunzi wachache sana. Kabla ya hapo wasichana wachache mno waliketi katika madarasa ya wavulana. Mmoja wao alikuwa Margaret Kenyatta, binti wa Jomo, ambaye mwaka 1970 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya wa Nairobi. Tunaposoma orodha za nishani za miaka ya 1960 na 1970 na kuona mlolongo wa wanaume, tunasoma pia pengo hilo la miaka ishirini na miwili. Hakuna anayedai kwamba wanawake wa Kenya hawakuutumikia umma wakati huo. Waliotumikia walifanya hivyo katika vikundi vya kujenga shule za harambee, katika kuuguza, katika kulea mayatima wa Hali ya Hatari, mahali ambapo hapakuwa na kiti, na pasipo na kiti nishani haikujua pa kutua. Wangari Maathai, aliyesoma Loreto Limuru na si Kikuyu, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Nishani yake ya kwanza ya Mkuki Uwakao ilikuja 2003, baada ya kuingia serikalini, na Moyo wa Dhahabu ukafuata 2004, mwaka wa tuzo ya Nobel. Robo karne ya miti, virungu na mahabusu ilisubiri hadi mhusika alipoingia ofisini.

Pingamizi la pili husema: kama lango ndilo lililofanya yote, mbona Maseno na Mang'u, zilizokuwa na lango jembamba pia, hazikujaza orodha kwa kiwango kile kile? Kwanza, zilijaza. Maseno ilimtoa Oneko. Mang'u iliwatoa Mboya, Kibaki na Saitoti. Pili, Alliance ilikuwa na nafasi ambayo wengine hawakuwa nayo: ilikusanya vijana kutoka misheni zote za Kiprotestanti, ikakaa jirani na makao makuu ya serikali, na kwa muda mrefu ilikuwa kituo ambacho hata wahitimu bora wa Maseno walipitia kwenda Makerere. Odinga ni mfano. Kuna jambo lingine linalonichekesha kila ninapolitazama. Kenya imekuwa na marais watano, na hakuna hata mmoja aliyesoma Alliance. Kenyatta alitoka Thogoto, Moi alisoma Kapsabet, Kibaki Mang'u, Uhuru Kenyatta St Mary's, na Ruto akatoka Kapsabet tena. Shule iliyotoa wapokeaji wengi wa nishani haijawahi kumtoa mtoaji. Sitaki kulitwisha jambo hili uzito kupita kiasi, maana urais hutegemea mengi. Lakini linaafikiana na picha tuliyoichora: Kikuyu palikuwa kiwanda cha maofisa, na maofisa hupewa nishani na mtu mwingine.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii unatoka kwa wanafunzi wa Alliance wenyewe, wale waliouelewa wito wa utumishi kwa namna ambayo serikali haikuipenda. Odinga, makamu wa rais wa kwanza kuanzia 1964, alijiuzulu 1966 akaunda chama cha upinzani, KPU. Baada ya machafuko ya Kisumu ya Oktoba 1969 chama kikapigwa marufuku naye akawekwa kizuizini hadi 1971. Matiba na Rubia, waliokuwa vipenzi vya utumishi wa miaka ya 1960, walisimama mbele ya waandishi wa habari Mei 1990 kudai vyama vingi, na mwezi Julai wakatiwa kizuizini. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa humo, na hakurudia afya yake ya awali. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance 1955 na kutoka 1958, aliandika tamthilia kwa Kigikuyu pamoja na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, akakamatwa mwisho wa Desemba 1977 na kukaa Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Wote hawa walilelewa na walimu wale wale, wakala ugali ule ule, wakaimba nyimbo za dini zile zile. Kama nishani ingekuwa kipimo cha mafunzo ya utumishi, basi jela ingekuwa kipimo pia, kwa kuwa mafunzo ni mamoja. Kilichotofautiana ni uhusiano wa mtu na Ikulu katika mwaka husika.

Mtetezi wa nishani atajibu kwamba dola haiwezi kumtuza anayeipiga vita, na kwamba historia hurekebisha makosa polepole. Sehemu ya kwanza ya jibu hilo naikubali. Ndiyo ninayoisema tangu mwanzo. Sehemu ya pili inahitaji tarehe. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya huru miaka arobaini, ikaondolewa 2003 tu. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, nusu karne kamili baada ya kunyongwa kwake. Katiba ya 2010 ndiyo iliyoibadilisha Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa, Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013 ikaweka kamati ya kumshauri Rais, na sheria ya mashujaa ya 2014 ikafuata. Kwa miongo yote iliyotangulia, aliyekuwa katika ofisi ya wilaya wakati wa Hali ya Hatari alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuvishwa utepe kuliko aliyekuwa msituni Nyandarua. Marekebisho yalikuja, ndiyo, lakini yalikuja wakati wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kuzikwa, na hayakuja kwa sababu orodha ilijirekebisha yenyewe. Watu waliidai sheria.

Lipo pia pingamizi la adabu, ambalo sipendi kulipuuza: kusema hivi si kuwavunjia heshima wazee waliofanya kazi ngumu? Ndegwa na wenzake walikuta hazina ya koloni na kuijenga kuwa hazina ya taifa. Kudai kwamba walipata nishani kwa sababu ya lango ni kama kudai kwamba hawakufanya kitu. Sisemi hivyo. Nasema nishani haitusaidii kujua walifanya nini, na ni lazima tukaitafute kazi yenyewe kwingine. Mfano mzuri ni tume iliyopewa jina la Ndegwa, ambayo ripoti yake ya 1971 iliruhusu watumishi wa umma wa Kenya kufanya biashara binafsi wakiwa kazini. Wapo wanaoiona kama uamuzi wa busara uliowazuia wataalamu Waafrika wasiikimbie serikali na kuwapa mtaji. Wapo wanaoiona kama siku ambayo mgongano wa maslahi ulipewa leseni. Huo ni mjadala wa kweli kuhusu utumishi, na ndio ambao kijana aliyelelewa na Carey Francis angepaswa kuulizwa. Orodha ya nishani haiugusi, kwa sababu waliounga mkono na waliopinga, kama walikuwa na vyeo sawa, walipata herufi zile zile.

Lango lenyewe pia halikuwa jembamba kwa bahati mbaya. Lilifanywa jembamba, na kisa kinachoonyesha hilo wazi kinamhusu mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Alliance. Mbiyu Koinange aliingia Kikuyu mwaka 1926, akaondoka 1927 kwenda Hampton, Marekani, akaendelea Ohio Wesleyan na Columbia. Wakati akiwa huko, mgogoro wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wagikuyu juu ya tohara ya wasichana ulizaa shule huru, za KISA na za Karing'a, zilizojengwa na wazazi wenyewe kwa michango yao na kuendeshwa nje ya mkono wa misheni. Shule hizo zilikuwa na wanafunzi wengi na walimu haba. Koinange aliporudi alianzisha chuo cha walimu cha Githunguri mwaka 1939 ili kuziba pengo hilo, na baada ya kurudi kutoka Uingereza mwaka 1946 Kenyatta akakiongoza. Hapa palikuwa na lango la pili, pana, lililosimamishwa na wananchi kwa mbuzi, mbao na shilingi zao, likielekea kule kule elimu ilikotakiwa.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na shule huru zikafungwa au kukabidhiwa kwa serikali na misheni. Manguo, shule ya Karing'a aliyosoma Ngũgĩ utotoni, ilikuwa mojawapo; miaka michache baadaye, alipotoka Alliance kwenda likizo yake ya kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa penye ulinzi. Githunguri ilifungwa, na uwanja wa chuo ukageuzwa mahali pa kunyongea waliohukumiwa kwa kesi za Mau Mau. Tunapouliza, basi, kwa nini orodha za Jamhuri zimejaa shule moja na si nyingine, sehemu ya jibu ni kwamba nyingine ziliondolewa mashindanoni kwa amri ya gavana, miaka kumi na moja kabla ya uhuru, na wanafunzi waliokuwa ndani yake wakatawanywa kurudi mashambani, kambini au msituni. Koinange alikuwa nje ya nchi wakati huo, akaponea huko. Baada ya uhuru alikuwa waziri wa nchi katika Ofisi ya Rais, mtu wa karibu kuliko wote kwa Kenyatta, hadi Rais alipofariki Agosti 1978. Wasifu wake husomwa kwa fahari miongoni mwa majina makubwa ya Alliance, alikosoma kwa muda usiozidi miaka miwili. Walimu wa Githunguri aliowaajiri yeye, walioshika chaki kwa mshahara wa michango, hawakuwa na ofisi ambayo nishani ingeweza kuifuata.